UZI: Jacques Tati, Mfaransa aliyejenga mji mzima kwa ajili ya muvi moja, ukamfilisi

Wakuu salaam.

Wiki iliyopita kulikuwa na uzi wa kubishania nani mkali kati ya Charlie Chaplin na Mr Bean, nimeusoma kurasa zote mpaka mwisho, hakuna hata mmoja aliyemtaja huyu mzee, nikasema hapana hii haiwezi kupita hivi hivi. Rowan Atkinson mwenyewe, yule anayecheza Mr Bean, ameshasema wazi kwamba kati ya watu aliojifunza kwao yumo Monsieur Hulot wa Jacques Tati. Na ile muvi ya 2007 ambayo Mr Bean anaenda likizo Ufaransa, kwa Kifaransa inaitwa Les Vacances de Mr. Bean, halafu Tati alishatoa Les Vacances de Monsieur Hulot mwaka 1953. Kwa hiyo tukimcheka Bean tunacheka mbegu iliyopandwa na mtu mwingine kitambo sana.

Mimi ni mtu wa kamera, napiga video za harusi na send-off, na kuedit naedit mwenyewe usiku, kwa hiyo humu nitaongea zaidi kama mtu wa kazi. Uzi ni mrefu, nitaushusha kwa vipande.

Haya.

Jina lake kamili Jacques Tatischeff, kazaliwa 9 Oktoba 1907 pale Le Pecq, kimji kilichopo pembeni ya Paris. Hilo jina la Kirusi ni la babu mzaa baba, kabaila aliyekuwa ofisa wa kijeshi kwenye ubalozi wa Urusi pale Paris. Babu mzaa mama alikuwa Mholanzi, fundi wa fremu za picha, na biashara hiyo ya fremu ndiyo baba yake aliingia nayo na ndiyo Jacques alitakiwa aje airithi. Akaenda jeshini kwenye kikosi cha farasi, akapelekwa London kujifunza kazi ya fremu, na huko London badala ya kurudi na fremu kichwani akarudi na raga.

Aliporudi akajiunga na timu ya Racing Club de France. Jamaa alikuwa mrefu sana, karibu mita 1.9, na mechi ikiisha wenzake wakikaa kula na kunywa yeye anasimama anaigiza mechi yote tangu mwanzo mpaka mwisho, peke yake, bila kusema neno. Watu wanalia kwa kucheka. Ndipo akaona kumbe hiki ndicho kipaji changu. Akaacha fremu akaingia majukwaani na kipindi alichokiita Impressions sportives, anaigiza golikipa, bondia, mcheza tenisi, mvuvi, na mpanda farasi pamoja na farasi wake mwili mmoja kwa wakati mmoja. Mwaka 1936 mwandishi Colette, ambaye wakati huo neno lake likitoka gazetini lina uzito, alimwona akaandika akimsifia kwamba amebuni kitu kipya kabisa, mtu anayeweza kuwa mchezaji na mpira na raketi vyote kwa pamoja. Kuacha biashara ya ukoo ukafuate kuchekesha watu, tena miaka ile ya 1930 uchumi wa dunia umeanguka, wakuu hilo si jambo dogo.

Muvi fupi fupi alicheza kadhaa miaka hiyo, Oscar, champion de tennis ya 1932 na Soigne ton gauche ya 1936 ambayo aliongoza René Clément. Hizo nazipita haraka, za kujifunzia.

Vita vikaja. Mwaka 1943 akajificha kwenye kijiji kinaitwa Sainte-Sévère-sur-Indre, katikati ya Ufaransa, na kijiji kile kikamwingia moyoni. Vita vilipoisha, 1947, akarudi palepale na kamera kupiga muvi yake ndefu ya kwanza, Jour de fête. Wanakijiji wenyewe ndio waigizaji. Yeye anacheza François, mtu wa posta anayesambaza barua kwa baiskeli, siku ya sherehe ya kijiji anaonyeshwa filamu kuhusu posta ya Marekani inavyokimbizana na muda, basi naye anaamua kuanzia leo barua zitaenda Kimarekani. Anapiga pedeli kama amechomwa na nyuki.

Hapa kuna kitu kinaniuma kila nikikikumbuka kama mtu wa picha. Tati alitaka muvi ile iwe ya rangi, enzi ambazo Ufaransa muvi ya rangi ilikuwa kama ndoto. Akatumia filamu ya kampuni iliyoitwa Thomsoncolor, teknolojia mpya. Kwa bahati nzuri akaweka na kamera ya pili pembeni inapiga nyeusi na nyeupe kwa tahadhari. Wamemaliza kazi, wanapeleka maabara, hakuna mtu anayeweza kuichapisha ile rangi. Imefeli. Ikabidi 1949 itoke ya nyeusi na nyeupe kutoka kwenye kamera ya akiba. Ilishinda tuzo ya uandishi kwenye tamasha la filamu la Venice mwaka huo huo, lakini kijiji alichokiona yeye kwa macho yake watu hawakukiona. Ile ya rangi ilikuja kuonekana 1995, binti yake Sophie Tatischeff akishirikiana na mpiga picha François Ede ndio waliirudisha. Mzee alishafariki miaka 13 nyuma.

Ndio maana mimi naweka beki-apu mara mbili mbili hata kama ni kipaimara.

Nakunywa chai narudi.

*

Naendelea.

Baada ya François wa posta kufanya vizuri, watu wa hela walitaka arudie huyo huyo. Akakataa. Akaja na mtu mpya, Monsieur Hulot. Mnamjua kwa macho hata kama jina hamlijui: koti la mvua, suruali fupi inayoacha soksi za mistari nje, kofia, mwavuli, kiko mdomoni, na ule mwendo wa kuinama mbele kwa vidole vya miguu kama mtu anayetaka kupita bila kumsumbua mtu yeyote. Anasalimia kila mtu. Hana ubaya na mtu. Lakini akipita mahali, nyuma yake vitu vinaharibika.

Les Vacances de Monsieur Hulot alipiga Saint-Marc-sur-Mer, ufukwe mmoja karibu na Saint-Nazaire, kwenye hoteli ya kweli inaitwa Hôtel de la Plage. Hakuna stori kubwa. Watu wa mjini wamekuja pwani kupumzika lakini hawajui kupumzika, wamehama na ofisi zao vichwani, mmoja kila dakika anaitwa kwenye simu. Hulot peke yake ndiye yuko likizo kweli. Basi. Ndiyo stori yote.

Ila SAUTI wakuu. Sikilizeni sauti. Kwenye chumba cha kulia kuna mlango wa kusukuma, kila mhudumu akipita unatoa mlio mmoja mzito kama nyuzi ya gitaa kubwa iliyovutwa mara moja, na huo mlio unarudi na kurudi mpaka unageuka kuwa kichekesho bila mtu kufanya chochote. Spika ya stesheni ya treni inatangaza maneno yasiyoeleweka, abiria wanakimbia kutoka jukwaa moja kwenda jingine kwenye mstari mmoja kama siafu. Tati sauti karibu zote alizitengeneza baadaye studio, moja moja, hatua za viatu, mpira wa meza, gari la Hulot linavyokohoa. Maneno ya watu kayapunguza mpaka yamekuwa kama kelele ya mazingira tu. Mimi kabla ya kumjua huyu mzee nilikuwa naedit harusi naweka muziki juu ya kila kitu mwanzo mwisho. Siku hizi naacha sauti ya bangili za bibi harusi, naacha shangazi akipiga kigelegele, naacha kiti kikiburuzwa. Wateja wanaangalia mpaka wanalia. Hilo nimelipata kwake.

Namuona mkuu mmoja hapo chini kauliza:

"Kwa hiyo ni muvi za kimya kama za Chaplin?"

Hapana mkuu, na hapa ndipo watu wengi wanachanganya. Chaplin na Keaton walianza wakati sauti haipo. Tati sauti ilikuwepo, akaamua mwenyewe kuifanya kazi nyingine badala ya kubeba mazungumzo. Tofauti nyingine, Chaplin ni yeye katikati, kamera inamfuata yeye, anakuchekesha anakuliza. Tati anasogea pembeni. Kadiri alivyokuwa maarufu ndivyo Hulot alivyozidi kupungua kwenye muvi zake, kitu ambacho sijaona staa mwingine yeyote akikifanya.

Mwaka 1958 ikaja Mon Oncle. Hii ndiyo iliyompeleka dunia nzima. Hulot anakaa kwenye nyumba ya mtaa wa zamani yenye ngazi zinazozunguka zunguka, kamera imesimama mbali unamwona anapotea dirisha hili anatokea lile mpaka anafika juu, hakuna kukata. Dada yake ameolewa na tajiri wa kiwanda cha mabomba ya plastiki, wana jumba la kisasa linaitwa Villa Arpel, kila kitu kinajiendesha, hakuna mahali pa kukaa ukastarehe. Kwenye bustani kuna samaki wa chuma anayetema maji. Akija mgeni wa maana samaki anawashwa haraka haraka, wakiona kumbe ni fundi au ndugu tu, samaki anazimwa. Nani hapa hajawahi kuona nyumba yenye sebule ya wageni ambayo watoto wa nyumbani hawaruhusiwi kukanyaga, kochi limevikwa nailoni, vikombe vizuri vinangoja mgeni! Huyo samaki namjua, nimekulia naye.

Mon Oncle ilichukua tuzo maalum ya majaji kwenye tamasha la filamu la Cannes, na 1959 ikachukua Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Alipokuwa kule Marekani alichotaka yeye ni kwenda kuwaona wazee wa vichekesho vya kimya, Buster Keaton, Stan Laurel yule mwembamba wa Laurel na Hardy, na Mack Sennett. Mtu ameshika Oscar halafu anaenda kuwaamkia wazee wake wa kazi. Nampendea hapo.

*

Sasa tufike kwenye jina la uzi.

Baada ya Oscar, Tati angeweza kutoa muvi ya Hulot kila mwaka mpaka azeeke, hela ipo, jina lipo. Yeye akakaa miaka tisa. Alikuwa na kitu kichwani kinaitwa Playtime. Alitaka kuonyesha Paris mpya ya vioo na chuma, majengo yanayofanana na ya nchi nyingine yoyote, na watu wanavyopotea humo ndani. Tatizo huwezi kufunga uwanja wa ndege na maofisi ya watu miezi na miezi ili upige muvi. Akaamua ajenge.

Na akajenga kweli. Pale Joinville-le-Pont mashariki ya Paris kuanzia 1964 kukainuka mji wenye barabara za lami, taa za kuongozea magari, majengo ya vioo na chuma, ngazi za umeme zinazopanda kweli, na mtambo wake wenyewe wa kufua umeme. Baadhi ya majengo yalikaa kwenye magurudumu ili yasogezwe kamera ikihama. Mbali kule nyuma waliweka picha kubwa za majengo na hata za watu zilizokatwa, ukiangalia kwa makini unawaona watu ambao hawatikisiki. Watu wakauita Tativille. Mapema tu dhoruba ikapiga ikaharibu sehemu, wakajenga tena.

Akapiga kwa filamu ya milimita 70, ile pana kuliko zote, ambayo wenzake walikuwa wanaitumia kwa muvi za vita na majangwa. Yeye anaitumia kupiga mtu amekaa kwenye kiti cha ofisini kinachotoa pumzi. Na hakuna klozapu, yaani kuvuta sura ya mtu karibu ijaze skrini. Hata moja ya kukuambia cheka hapa, angalia huyu. Fremu imejaa watu thelathini, arobaini, kila mmoja ana kisa chake, macho yako ndiyo yanachagua. Mimi mara ya kwanza niliizima baada ya nusu saa, nikasema haina kitu. Mara ya pili niliangalia kwa projekta ya kazini ukutani, nikaelewa kumbe tatizo lilikuwa skrini ya simu. Nilikuwa sioni. Sasa nimeiona mara nane na kila mara nakuta mtu mpya pembeni anafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona.

Kuna kipande mlango wa kioo wa mgahawa umevunjika, vipande vimedondoka chini vyote, bawabu amebaki na kile kishikizo cha mlango mkononi, na wateja wanaendelea kuja, naye anaendelea kuwafungulia mlango ambao haupo, anakipeleka kishikizo mbele anakirudisha, na wateja wanapita kwa heshima zote. Mnara wa Eiffel muvi nzima unauona tu kwenye kioo, mlango ukifunguliwa unapita kama kivuli. Watalii wamekuja Paris na Paris yenyewe wanaiona kwenye kioo kwa sekunde mbili.

Halafu ule mgahawa, Royal Garden. Karibu dakika 45 ziko humo ndani. Umefunguliwa usiku huo huo haujamalizika, vigae vinabanduka, umeme unaleta shida, viti vinachora migongo ya watu, na kadiri unavyobomoka ndivyo watu wanavyozidi kuwa watu. Dari linaanguka, mahali pakageuka sherehe ya kweli, matajiri na walevi wa mtaani meza moja. Na asubuhi magari yamejaa kwenye kipilefti yanazunguka taratibu, muziki unapigwa, yanageuka kuwa kama zile bembea za kuzunguka za watoto siku ya Idi. Muvi iliyoanza baridi kama hospitali inaishia hapo.

Ilizinduliwa Paris Desemba 1967, na ikaanguka. Watu walitaka Hulot, wakapewa muvi ambayo Hulot ni mpita njia, tena kuna watu kadhaa humo wanaofanana naye kwa mbali mpaka unadanganyika. Tati alikuwa anataka ionyeshwe kwenye kumbi zenye mitambo ya milimita 70, kumbi hizo zenyewe chache. Akaikata kata kuifupisha, haikusaidia. Marekani ilikofanya Mon Oncle vizuri haikuingia mpaka miaka ya 1970. Hela ya mikopo aliweka dhamana mpaka mali ya familia. Nyumba ya ukoo Saint-Germain-en-Laye ikauzwa. Mji wenyewe alitamani ubaki vijana wanaotengeneza filamu wautumie, ukavunjwa. Kampuni yake ikawekwa chini ya usimamizi wa mufilisi, na 1974 haki za filamu zikapigwa mnada kwa faranga 120,000 na kitu. Jour de fête, Hulot, Mon Oncle, Playtime. Jasho la zaidi ya miaka 20 linaitishwa bei.

"Mkuu si angekuwa na akili ya biashara tu, kosa lake mwenyewe"

Mkuu nimekuelewa na kwa hesabu za duka uko sahihi. Lakini mimi siwezi kusema amekosea. Yeye hela aliyochoma ilikuwa yake na ya waliomwamini, hakumdhulumu mtazamaji, kila shilingi iko kwenye skrini mpaka leo unaiona. Miaka ile waliomcheka, muvi zao za mwaka huo ni ngapi tunazijadili hapa? Steven Spielberg alipotengeneza The Terminal alisema Playtime ilikuwa kichwani mwake. Mwaka 2002 Playtime ilirudi Cannes imesafishwa upya. Kama angesikiliza akili ya biashara tusingekuwa nayo.

*

Namalizia maisha yake. 1971 akatoa Trafic, Hulot amebuni gari la kulala kambini lenye jiko na vikorombwezo vyote, wanalipeleka kwenye maonyesho ya magari Amsterdam, njiani kila kitu kinatokea. Nzuri, ila unaona mtu amechoka. 1974 akapiga Parade kwa ajili ya televisheni ya Sweden, ndani ya sarakasi, na humo mzee wa miaka zaidi ya 60 anasimama anaigiza tena yale yale ya ujana, golikipa, bondia, mpanda farasi. Mwili bado unakumbuka kila kitu. Hiyo ndiyo ya mwisho. Muvi ndefu sita tu maisha yote. Mwaka 1977 Wafaransa wakampa César ya heshima, tuzo yao kubwa ya filamu, na Novemba 1982 akafariki, damu iliyoganda kwenye mapafu.

"Vipi kuhusu ile katuni ya The Illusionist, si yake?"

Ndiyo mkuu, hadithi ni yake, aliiandika miaka ya 1950 hakuipiga, Sylvain Chomet ndiye akaifanya katuni 2010 akaihamishia Edinburgh. Na kwa sababu umeuliza siwezi kukwepa: wakati wa vita Tati alizaa mtoto wa kike na mcheza dansi aliyekuwa naye kwenye ukumbi wa burudani wa Lido, Paris, na hakumtambua. Katuni ilipotoka familia ya huyo binti ilijitokeza hadharani ikisema hadithi ile ya mzee anayemlea binti asiye wake ilitokana na deni hilo. Hilo ni doa, na mimi ninayempenda nalisema, kazi yake haimfuti mtoto.

"Huyo si ndiye waliyemnyang'anya kiko?"

Huyo huyo. 2009 kulikuwa na maonyesho juu yake Paris, mabango yakaenda kubandikwa kwenye treni na mabasi, wahusika wakaogopa sheria ya kutangaza tumbaku, kiko kikaondolewa wakamwekea kile kikaratasi cha njano kinachozunguka na upepo kama pangaboi. Wafaransa walikasirika sana.

"Nianze na ipi? Na lugha vipi?"

Lugha usihofu, maneno hayabebi kitu, hata watoto wangu wanaangalia bila kusoma maandishi ya chini. Playtime usianze nayo, na ukifika kwake tafuta skrini kubwa. Anza na Les Vacances. Humo kuna sehemu Hulot yuko baharini kwenye kimtumbwi, kinavunjika katikati kinajikunja juu yake, kutoka ufukweni kinaonekana kama mdomo wa papa na watu wanatimua mbio. Mwaka 1978, miaka 25 tangu muvi itoke, baada ya Jaws, ile muvi ya papa anayekula watu, kuitikisa dunia, mzee mwenye umri wa miaka 70, hana kampuni, hana nyumba ya ukoo, alirudi Saint-Marc-sur-Mer na kamera akapiga vipande vipya vya ufukweni akaviunganisha na vya zamani ili kile kichekesho kikae sawasawa. Mimi nimetafuta pale alipounga, nikasimamisha, nikarudisha, na nimeshindwa kuona mshono.